SOMO: UBORA WA SPEA NA HAKI YA KUSIMAMISHA MASHINE



Hapa kwetu Jinja kimejengwa kiwanda cha Kiira Motors cha kuunda mabasi ya Kayoola. Basi moja huhitaji viti, vioo, waya na boliti kutoka viwanda vingine. Basi tusishangae mwajiri akija na jina geni: IATF 16949. Tulifahamu mapema.

Hicho ni kiwango cha ubora kwa viwanda vinavyouzia makampuni ya magari spea. Kilitolewa Oktoba 2016, kikachukua nafasi ya ISO/TS 16949 iliyoanza 1999. Hutumika pamoja na ISO 9001. Shabaha yake ni kuzuia kosa lisitokee, si kuhesabu spea mbovu mwisho wa zamu. Boliti moja ya breki ikikatika, abiria watakufa. Na wa kwanza kuiona mbovu ni mfanyakazi aliye kwenye mashine.

Tushike mambo matatu yaliyomo:

1. Kusimamisha. Wenye dhamana ya ubora wawe na mamlaka ya kusimamisha kazi na kuzuia mzigo usitoke. Watu hao wawepo kila zamu, hata usiku. Wazo hili si jipya: mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alitengeneza mashine ya kufuma nguo iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika.

2. Lugha. Maagizo ya kazi yaandikwe kwa lugha inayofahamika na wanaoyafuata. Karatasi ya Kiingereza ukutani haitoshi kwa asiyejua Kiingereza.

3. Mafunzo. Wafundishwe wote wenye kazi inayogusa ubora, pamoja na wa mkataba na walioletwa na mawakala.

Lakini kiwango hiki hakipangi mishahara. Ikiwa anayesimamisha mashine atakatwa fedha kwa saa zilizopotea, nani atasimamisha tena? Kosa litafichwa, na spea mbovu itapita. Hapo ndipo kazi ya chama: kudai iandikwe katika mkataba wa pamoja kwamba aliyesimamisha kwa nia njema haadhibiwi.

Wenzetu wa miwa na chai, nanyi pimeni: mizani ikiharibika, nani ana ruhusa ya kusema "simama"?

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Katika zamu yako, nani ana mamlaka ya kusimamisha?
(b) Maagizo yenu yameandikwa kwa lugha gani?
(c) Vibarua wamefundishwa na nani?

Leteni majibu kwa mjumbe wa tawi. Umoja ni nguvu!