Sindano za Kichina na Dawa za Saratani

Swali: Mama anatibiwa saratani ya matiti kwa dripu, na kichefuchefu kinamtesa. Je, tiba ya sindano za Kichina itamfaa?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Inaweza kumpunguzia kichefuchefu. Jopo la wataalamu nchini Marekani lilikubali hivyo mwaka 1997. Uvimbe wenyewe haiuponyi, kwa hiyo asiache dripu. Kwanza apimwe damu: chembe nyeupe zikishuka, hata tundu dogo hupitisha maambukizi, nazo chembe sahani zikipungua, anaweza kuvuja damu. Sindano ziwe mpya, na kama alitolewa tezi za kwapani, asichomwe mkono wa upande huo. Kama anatumia pia mitishamba, hiyo hunitia hofu zaidi kuliko sindano, maana mingine huvuruga dawa kimyakimya. Tafadhali, mwambieni daktari wake kila anachokunywa.