Kadi ya Ofisi Mkononi mwa Mtu Aliyeokoka

SOMO LA WIKI
Maandiko: Ezra 8:21–34, 2 Wafalme 12:4–15, Luka 16:10–12



Jumapili iliyopita, ibada ilipoisha, dada mmoja alinisubiri kando ya mlango mpaka watu wakapungua. Anafanya kazi katika ofisi ya umma, na mwaka huu amekabidhiwa kadi ya mafuta ya magari ya ofisi. Akaniambia, "Pasta, mkubwa wangu ameniomba namba ya siri ya ile kadi. Anasema nisipokuwepo kazi isilale. Na Warumi 13 inatuambia tutii mamlaka. Sasa nikikataa, si nitakuwa mkaidi?"

Sikumjibu hapo hapo. Nilimwomba anipe wiki moja, nikamwambia nitajibu hapa bila kumtaja, kwa sababu najua hayuko peke yake. Hapa Kalama tuna walimu, wauguzi, madereva, makarani wa kaunti, wahasibu wa shule na wanabodi wa shule. Wengi wetu tumeshika pesa ya umma mkononi, iwe ni kadi, iwe ni masurufu ya safari, ile ofisini tunaita impresti. Somo hili ni lenu. Na ni langu pia, kama mtakavyoona.

1. Kadi imebadilisha nini?

Ununuzi wa kawaida katika ofisi ya umma huulizwa maswali kabla pesa haijatoka. Maombi yanaandikwa, bei zinalinganishwa, mkubwa anatia sahihi, ndipo muuzaji anapewa oda. Kadi inafupisha huo mzunguko. Dereva anafika petroli stesheni, kadi inapitishwa kwa mashine, anaondoka. Hakuna noti za kupotelea mfukoni, na kila mara inaacha alama: tarehe, saa, kituo, lita, shilingi. Hiyo ni faida kubwa, tusiidharau.

Lakini hebu angalia vizuri. Lile swali lililokuwa linaulizwa kabla ya kununua, sasa linaulizwa baada ya kununua. Kwa hivyo kadi ni salama kama tu kuna mtu anayekaa chini kila mwezi, anasoma taarifa ya kadi, na kuilinganisha na risiti, tiketi ya kazi ya gari na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Asipofanya hivyo, alama zipo lakini hakuna macho. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari tunalo, tena liko ndani ya kompyuta. Shida ni kwamba halifunguliwi.

2. Ezra alipima mara mbili

Ezra alikuwa anatoka Babeli kwenda Yerusalemu na fedha, dhahabu na vyombo vya nyumba ya Mungu. Njia ilikuwa na hatari. Aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa hivyo walifunga na kuomba. Halafu angalia alichofanya baada ya kuomba: alichagua makuhani kumi na wawili, akawapimia kila kitu kwa uzani, akawaambia wavilinde mpaka watakapovipima tena Yerusalemu mbele ya wakuu. Walipofika walipumzika siku tatu. Siku ya nne wakapima. Waliopokea walikuwa wanne, na uzani wote ukaandikwa.

Wapendwa, hawa hawakuwa watu wa kushukiwa. Katika mstari wa 28 Ezra mwenyewe anawaita watakatifu. Na bado alipima. Mtu akikuuliza risiti ofisini, usikasirike ukasema, "Kwani haniamini, na anajua nimeokoka?" Makuhani wa Ezra walipimiwa wakitoka na wakapimiwa wakifika, na hakuna aliyenung'unika.

Sheria ya Kenya inafuata njia hiyo hiyo. Chini ya kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015, mtu aliyechukua masurufu ya safari anatakiwa kutoa hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni kwake. Kama bado ana masurufu ya zamani hajayatolea hesabu, hapewi mengine. Akichelewa, pesa yote inakatwa kwa mshahara wake pamoja na riba. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 226, inasema afisa wa umma aliyeidhinisha pesa itumike kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo mwenyewe, hata kama ameshaondoka ofisini. Kustaafu hakufuti deni.

3. "Lakini Biblia inasema hawakuulizwa hesabu"

Kuna ndugu atanionyesha 2 Wafalme 12:15. Pale tunasoma kwamba wasimamizi waliokabidhiwa pesa za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Ni kweli. Lakini tusome sura yote.

Mwanzoni mfalme Yehoashi aliwaachia makuhani pesa na kazi yote, bila mtu wa kuangalia. Mwaka wa 23 wa utawala wake, nyumba ilikuwa bado haijatengenezwa! Hatuambiwi waliiba. Tunaambiwa tu kazi haikufanyika. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu kando ya madhabahu. Likijaa, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, mmoja wa serikali na mmoja wa hekalu, wakahesabu pamoja. Pesa ikatoka ikiwa imepimwa, ikapewa wasimamizi waliojulikana, na kazi ikaonekana kwa macho. Kuaminiwa kule kwa mstari wa 15 kulikuja baada ya utaratibu huo wote. Anayetaka kuaminiwa kama wasimamizi wale na akubali kwanza sanduku na watu wawili.

4. Kosa langu mimi

Kabla sijaingia kwenye huduma, nilimaliza shahada ya biashara nikaajiriwa karani wa hesabu katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kulinganisha taarifa ya kadi ya mafuta na tiketi za magari. Mwezi mmoja nikaona gari lenye tangi la lita 60 limejazwa lita 85 kwa mara moja. Dereva alikuwa ndugu yetu katika Bwana, tulikuwa tunaomba pamoja saa ya chakula cha mchana. Nikajiambia, labda alibeba na jerikeni la jenereta. Nikatia sahihi. Mwezi wa pili ikatokea mara mbili. Mwezi wa tatu kulikuwa na mafuta ya Jumapili, siku ambayo gari halikuwa na safari. Nikatia sahihi tena. Nilijiambia huo ni upendo, sitaki kumwaibisha ndugu.

Wakaguzi walipokuja, waliona jambo hilo siku ya kwanza. Ndugu yule alikubali baadhi ya lita zile, akasema nyingine si zake. Lakini namba ya siri ilijulikana na watu watatu. Hakuweza kuonyesha zake ni zipi, na hakuna mwingine aliyeweza. Aliachishwa kazi. Mimi nilipewa barua ya onyo. Siku alipokuja kuchukua vitu vyake aliniambia neno moja tu: "Ulikuwa unaona, na hukuniuliza."

Mpaka leo sijui kama angeacha ningemuuliza mwezi wa kwanza. Ninachojua ni kwamba mwezi wa kwanza lilikuwa swali la dakika tano mlangoni, na mwezi wa tatu lilikuwa kazi ya mtu na karo ya watoto wake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ule haukuwa upendo, wapendwa. Ulikuwa woga nilioupa jina zuri.

5. Hata wakubwa

Msidhani haya ni mambo ya makarani na madereva tu. Mwaka 1995 huko Uswidi, Naibu Waziri Mkuu Mona Sahlin alijiuzulu baada ya magazeti kueleza kwamba alikuwa ametumia kadi ya serikali kwa vitu vyake binafsi. Kitu ambacho watu wanakumbuka hadi leo ni chokoleti. Mwendesha mashtaka hakumfungulia kesi, na baadaye alirudi kwenye siasa, lakini wakati ule alikuwa anatazamiwa kuwa waziri mkuu, na nafasi hiyo ikampita.

Na karibu nasi, katika Bahari ya Hindi, Rais wa Mauritius Ameenah Gurib-Fakim, mwanasayansi anayeheshimika na mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini mwake, alijiuzulu Machi 2018. Kadi yenyewe haikuwa ya serikali, alikuwa amepewa na shirika moja lisilo la serikali, na ilidaiwa aliitumia kununulia nguo na vito. Yeye alikana kosa, akasema alirudisha pesa zote.

Sileti habari hizi ili tuwahukumu. Nazileta kwa sababu ya neno hilo moja, "nitarudisha." Pesa ya ofisi ikishachanganyika na yako, hata ukirudisha, kitu kimoja hakirudi kirahisi: imani ya watu. Na sisi tumebeba jina la Yesu juu ya jina letu.

6. Tufanye nini?

Kwa mwenye kadi: Namba ya siri ni yako peke yako. Usinunue kitu chako hata kwa nia ya kurudisha jioni. Chukua risiti pale pale, andika nyuma yake kazi iliyofanyika na namba ya gari. Ukikosea, kwa mfano umetoa kadi isiyo yenyewe, sema siku hiyo hiyo kwa maandishi na ulipe. Kosa lililosemwa leo ni kosa. Likisemwa na mkaguzi mwaka ujao lina jina lingine.

Kwa msimamizi: Usitie sahihi karatasi ambayo hujasoma. Anayetumia kadi asiwe ndiye anayekagua taarifa yake. Weka kiwango cha juu cha siku na cha mwezi. Tangi la lita 60 halimezi lita 85. Mtu akihama au akistaafu, kadi ifungwe siku hiyo. Na mkague hata rafiki yako, hasa rafiki yako, ndiyo asije akabaki bila shahidi.

Kwa sisi wengine: Pesa ya umma ni yetu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti kila mwaka, na kila raia ana haki ya kuomba habari chini ya kifungu cha 35 cha Katiba. Mzazi anaweza kuuliza katika mkutano wa shule. Wazee wetu katika mwethya walikuja na majembe kuchimba matuta ya milima hii, na asiyekuja alijulikana. Hakuna aliyeona ni chuki. Kiangazi kikikaza na bauza la maji likose mafuta, atakayeteseka ni mama mwenye mtungi.

7. Jibu kwa dada yetu

Dada, kukataa kutoa namba ya siri si ukaidi. Warumi 13 inasema tutii mamlaka, na katika nchi yetu mamlaka ya juu ni Katiba na sheria. Mkubwa wako naye yuko chini yake. Kwa hivyo mwendee kwa heshima, mkiwa wawili tu, umwambie: "Mkubwa, gari likihitaji mafuta nipigie, nitakwenda mwenyewe na nitakuletea risiti. Na nikiwa likizo, naomba mwenzangu apewe kadi yake kwa maandishi." Hapo umemsaidia kazi isilale, na hujamnyima heshima. Wengi wataelewa. Wengine walikuwa hawajafikiria tu.

Akiendelea kukusukuma, mwombe akuandikie. Mtu mwenye nia njema haogopi kuandika. Na kama kuna jambo baya nyuma yake, usilibebe peke yako. Kuna mkaguzi wa ndani, na kuna Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na sheria inamlinda mtoa habari. Sitakudanganya kwamba haitakugharimu. Inaweza kukugharimu. Lakini siku wakaguzi watakapokaa mezani, lita zako zitajulikana kuwa ni zako. Ndugu yangu yule hakuwa na hilo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Mara ya mwisho kuulizwa hesabu ulijisikiaje, na kwa nini?
2. Kuna swali la dakika tano ambalo umeogopa kumuuliza ndugu? Utamuuliza lini?
3. Katika vikundi vyetu vya kina mama na vijana, ni watu wawili gani wanaohesabu pamoja?

Tuombe
Bwana, wewe unaona kwa siri. Tupe mikono safi tunaposhika kisicho chetu, na ujasiri wa kuulizana tukipendana. Wanaoogopa wakubwa wao kesho Jumatatu, simama nao. Walioanguka, wape nafasi ya kurudisha kama Zakayo. Katika jina la Yesu, Amina.