Simu Moja Mbele ya Watoto Arobaini: Somo kwa Mwalimu Mtarajiwa wa Chekechea

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea chini ya serikali za kaunti, na shule za msingi zikabaki kwa Serikali ya Kitaifa. Mgawanyo huo unaeleza jambo ambalo mwalimu mwanafunzi huweza kulishangaa anapofika kituoni kwa mazoezi ya kufundisha. Katika ua mmoja, shule ya msingi ina vishikwambi, projekta na kipakatalishi cha mwalimu, vyote vya mpango wa kitaifa wa ujuzi wa kidijitali ulioanza kufika shuleni 2016. Hatua chache kutoka hapo, darasa la PP2 lina ubao, mkeka, kadi za herufi zilizochorwa kwa mkono, na mwalimu mwenye simu yake mwenyewe mfukoni. Mpango ule ulilenga wanafunzi wa gredi za mwanzo za shule ya msingi. Chekechea haikuwamo.

Somo hili ni la mwalimu wa PP2, hasa yule ambaye bado yuko chuoni na ataandika andalio lake la kwanza la somo muhula ujao. Mtaala wa umilisi unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na msimamizi wa mazoezi anaweza kukuuliza umeuingizaje darasani. Kishawishi ni kujibu kwa kutaja programu. Tunapendekeza uanze kwingine: kuna kitu gani ambacho mtoto huyu hakipati kwa chaki, mbegu na sauti yangu, na ambacho simu inaweza kumletea? Usipokuwa na jibu, iache simu kwenye mkoba. Hutapunguziwa chochote na mtoto.

Kwa bahati nzuri hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 2010, watafiti walianza kufuatilia shule 101 za msingi za serikali katika zilizokuwa wilaya za Kwale na Msambweni. Kabla ya hapo walikuwa wametazama jinsi kusoma kunavyofundishwa katika madarasa ya mwanzo ya Pwani, wakaona kwamba walimu walitilia mkazo lugha ya kusemwa kuliko maandishi. Mtoto aliitikia pamoja na wenzake, akakariri sentensi iliyo ubaoni, na macho yake yalikuwa dirishani. Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya darasa la watoto wadogo analijua jambo hili: kelele za kuitikia ni kubwa, na anayesoma kweli ni mmoja au wawili.

Shule 51 zilichaguliwa kwa kura zipewe msaada, na 50 zikaendelea kama kawaida ili pawe na cha kulinganisha. Msaada wenyewe ulikuwa wa aina tatu. Walimu wa Darasa la Kwanza, na baadaye la Pili, walihudhuria warsha. Walipewa maandalio ya masomo yaliyokwisha kuandikwa kwa kiasi kikubwa. Na kila wiki walitumiwa arafa kwenye simu zao, zenye maelekezo mafupi ya kufundishia na maneno ya kuwatia moyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa teknolojia yote. Simu ya vitufe ilitosha, intaneti haikuhitajika, na mtoto hakugusa chochote.

Baada ya miaka miwili, madarasa hayo yalikuwa yakitumia maandishi zaidi na kushughulikia zaidi herufi na sauti zake. Watoto walifanya vizuri zaidi katika vipimo vitatu kati ya vinne vikuu vya kusoma na kuandika. Jambo linalopaswa kumgusa kila mzazi wa kaunti hii ni kwamba walioacha shule walipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Katika kila watoto elfu moja, hiyo ni tofauti ya watoto 32 hivi waliobaki darasani. Mtoto anayeona kwamba anaweza kusoma ana sababu ya kurudi kesho. (Utafiti huo ulikuwa pia na upande wa kuwapima watoto malaria shuleni na kuwatibu, na upande huo haukuonyesha faida iliyotarajiwa. Nia njema peke yake haimfundishi mtu wala haimponyi.) Miaka michache baadaye, kuanzia 2015, njia inayofanana na hiyo ilienea nchini kupitia mpango wa Tusome, ambapo maafisa wanaotembelea walimu walipewa vishikwambi vya kuongoza kazi yao.

Mwalimu mtarajiwa ajifunze nini hapo? Kwanza, kwamba faida kubwa ya simu darasani inaweza kuwa ile isiyoonekana na mtoto: kumkumbusha mwalimu, kumsaidia kujiandaa, kumwonyesha makosa yake. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Unataka kufundisha herufi m. Watoto wengi wamezoea kuiita "em", kama inavyotajwa kwa Kiingereza. Mtoto anayejua "em" akikutana na m pamoja na a, anaunganisha anachokijua, anapata "ema", kisha anakutazama. Hajakosea, ameunganisha alichopewa. Anachohitaji ni sauti yenyewe, midomo ikiwa imefungwa, bila irabu nyuma yake. Hapo ndipo wengi wetu tunateleza, kwa sababu tunadhani tunatamka m tupu kumbe tunatamka "mu". Kwa k hali ni mbaya zaidi, karibu kila mtu husema "ka".

Usiku kabla ya somo, chukua simu ujirekodi ukitamka m, k, s na t, kila moja mara tatu. Kisha sikiliza. Unayemsikia siye uliyemtarajia. Rudia hadi sauti isafike. Dakika kumi hizi zina thamani kuliko katuni yoyote utakayoipakua, na hazina gharama. Ukiwa na mwenzako chuoni, badilishaneni rekodi na kila mmoja amsahihishe mwenziwe.

Asubuhi, darasani, andika m ubaoni kwa ukubwa. Itamke, watoto watamke. Sasa simu inaweza kutoka mkobani kwa dakika tatu. Kabla ya kipindi umemwomba mtoto mmoja aseme neno "maji" ukamrekodi, na mwingine, ambaye nyumbani kwao ni Kidigo au Kiduruma, aseme "madzi". Ichezeshe rekodi. Watoto watacheka kwanza, maana kusikia sauti ya mwenzao ikitoka kwenye simu ni jambo kubwa. Wakinyamaza, uliza: maneno haya mawili yanaanza kwa sauti gani? Wamejibu wenyewe, na mtoto wa "madzi" ameona lugha ya kwao imeingia shuleni kwa heshima badala ya kusahihishwa. Rudisha simu mkobani. Kilichobaki ni kazi ya kidole na macho: kila mtoto aitafute m kwenye kadi, aichore mchangani, aifinyange kwa udongo.

Sauti ya simu haitoshi darasa la watoto arobaini. Iweke ndani ya sufuria tupu au kibuyu kilichokatwa, spika ikielekea chini, na sauti itakua. Waketishe watoto kwa nusu duara badala ya safu.

Picha zina tabu yake. Kioo cha simu ni kidogo, na anayekiona vizuri ni yule aliyesukuma wenziwe akafika mbele. Mtoto mpole wa nyuma ameona kisogo cha mwenzake. Kwa hiyo picha ionyeshwe kwa vikundi vya watano watano, na wengine wakati huo wawe na kazi ya mikono, kwa mfano kupanga mbegu za korosho au vifuu kwa ukubwa. Ukiona hilo litakula kipindi kizima, itazame picha wewe nyumbani, uichore kwenye karatasi ya manila. Mchoro wako hautakuwa mzuri kama picha, lakini arobaini wote watauona.

Na picha ya nini? Tumeona maandalio yenye picha ya embe ilhali mwembe uko nje ya dirisha. Embe liletwe, linuswe, likatwe, lihesabiwe vipande, liliwe. Picha iwe ya kile kisichoweza kuletwa. Mtoto wa Kinango ndani anaweza kufika PP2 hajaona mikoko, na mtoto wa Gasi, ambaye amelelewa kando ya mikoko na anamjua kaa kwa majina yake, huenda hajaona treni inayopita Samburu. Kaunti yetu ni moja lakini ina bahari upande mmoja na nyika upande mwingine. Walimu wawili wanafunzi, mmoja aliyepangiwa Msambweni na mwingine Ndavaya, wakipiga picha mazingira yao na kutumiana, watakuwa na nyenzo ambazo hakuna kampuni inayoziuza.

Vivyo hivyo kwa ngano. Bibi wa mtoto mmoja anaweza kualikwa asimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani, ukairekodi kwa ruhusa yake. Mwendee kwa adabu, umweleze rekodi itatumika wapi, na ukimaliza umsikilizishe kabla hujaondoka. Mzazi aliyekuwa akinung'unika kwamba mwalimu anachezea simu darasani, akisikia sauti ya mamake ikisomeshea watoto, atakuwa mtetezi wako.

Muda uwe mfupi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba pungufu ya hapo ni bora zaidi. Saa hiyo inajumuisha televisheni na simu ya nyumbani, kwa hiyo usidhani yote ni yako. Dakika tano kwa kipindi zinatosha kwa karibu kila jambo lililotajwa hapa.

Kuhusu kifaa chenyewe, maneno machache. Pakua unachohitaji jioni mahali penye mtandao mzuri, ukihifadhi kwenye simu. Usitegemee bando saa tatu asubuhi mbele ya watoto. Maudhui yaliyoidhinishwa na KICD yatangulie yale unayoyaokota popote. Darasani, zima mtandao kabisa, kwa kuwa ujumbe wa mdai wako au wa mchumba ukitokeza juu ya picha ya mikoko, somo limekwisha. Usiiache simu dirishani wakati wa joto la kaskazi, na ukikaa karibu na bahari, kausha na kufuta tundu la chaji mara kwa mara kwa sababu hewa ya chumvi huliharibu kimya kimya. Kila andalio la somo liwe na njia ya pili isiyo na simu, imeandikwa, si ya kubuni umeme ukipotea.

Lipo jambo ambalo halina mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua na kutumia taarifa za mtoto, na picha yake na sauti yake ni taarifa zake. Mwalimu mwanafunzi huhitaji ushahidi wa kumwonyesha msimamizi, na hapo ndipo mambo huharibika: picha ya watoto wakitabasamu, sare yenye jina la kituo, inawekwa kwenye ukurasa wa mwalimu kabla ya chakula cha mchana. Katika ukanda wa Ukunda na Diani, ambako watu wa kila pembe ya dunia hupita, picha hiyo humwambia asiyejulikana sura ya mtoto na mahali anapopatikana kila asubuhi. Kwa ushahidi wa mazoezi, piga picha mikono ikifinyanga, kadi zilizopangwa, daftari. Rekodi za sauti za watoto zifutwe kazi ikiisha. Kama mzazi amekataa, mtoto wake ashiriki somo lote bila kurekodiwa, na asijue kwamba alibaguliwa.

Zoezi la wiki mbili. Chagua sauti nne. Kabla ya kuanza, keti na kila mtoto peke yake kwa dakika moja, mchanganyie kadi za herufi hizo, uandike ni ngapi amezitambua kwa sauti. Fundisha sauti mbili kwa kutumia rekodi kama ilivyoelezwa, na mbili kwa ubao na kadi tu. Baada ya siku kumi za masomo, pima tena kwa kadi zilezile, mtoto mmoja mmoja, na uandike kando ya hesabu ya kwanza. Mpelekee msimamizi wako daftari hilo pamoja na andalio, na umweleze sauti zipi zimeshika, zipi hazikushika, na utabadilisha nini wiki ya tatu.