Kuhesabu Ulichonacho Kabla ya Kuwasha Jiko

Mtu anayekusudia kufungua biashara ya chakula, akiulizwa ana rasilmali gani, aghalabu hutaja fedha kwanza, na akiwa hana fedha husema hana kitu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kwa akina mama na vijana wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na kila niisikiapo hunitia huzuni, kwa sababu anayeitamka huwa ameikalia mali ambayo mwenye hoteli ya ufukweni angetoa fedha nyingi kuipata, na pengine asiipate kabisa. Mimi napika kando ya barabara iendayo Makunduchi, si mbali na lango la msitu, na kabla sijanunua chungu nilinunua daftari. Napenda kueleza nilivyolijaza, ili yule anayetaka kuanza leo apate njia ya kukipima alichonacho kwa insafu, asijidhulumu wala asijidanganye.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kulia niliandika kila nilichonacho bila ya kudharau kitu: mikono yangu, jamaa zangu, kiwanja cha marehemu baba chenye minazi na mwembe wa kivuli, kisima, sufuria mbili kubwa zilizokuwa zikiazimwa harusini, na akiba ndogo niliyoiweka katika kikundi chetu cha hisa. Upande wa kushoto, mbele ya kila kitu, niliandika nani mwingine anacho, na asiyenacho angehitaji muda gani na gharama gani kukipata. Upande wa kulia humfariji mtu. Wa kushoto ndio unaomfundisha biashara.

Tuanze na mahali. Jozani iko yapata kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe, katika njia ya fukwe za Paje, Bwejuu na Jambiani. Msitu wake pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Zanzibar, na humo wanaishi kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki cha Unguja tu. Wageni huja kuwatazama, hupita chini ya mitondoo, hutembea juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, kisha hutoka wana kiu na njaa. Hiyo ni neema. Walakini ni neema ya kila mwenye kiwanja kando ya barabara hii, na kwa hiyo mbele ya neno "mahali" niliandika majina ya majirani zangu wote. Ukaribu na msitu ulinipa ruhusa ya kuingia uwanjani tu, haukunipa ushindi.

Neno lililofuata lilikuwa viungo, na hapa ndipo wengi hughafilika. Upande wa kushoto ulijaa hata nafasi ikanishinda: Forodhani usiku kuna viungo, Darajani kuna viungo, na kila hoteli kutoka Nungwi hadi Kizimkazi imevitaja katika orodha yake ya vyakula. Sifa ya Zanzibar kwa karafuu ni ya tangu zama za Sayyid Said bin Sultan, na ni fahari yetu sote. Lakini kilicho fahari ya wote hakimpi mmoja wetu ubora juu ya mwenziwe. Viungo na vitiwe chunguni kama ilivyo ada, ila visitegemewe kumleta mteja.

Nilipofika kwenye jamaa, ukurasa ulibadilika sura. Shangazi yangu wa Bwejuu ameokota pweza tangu usichana wake, naye hujua, kwa kuutazama mwezi, siku ambazo bamvua litayatoa maji mbali na mwamba kubaki wazi, na siku za maji mafu ambazo pweza huadimika na bei yake kupanda. Nilikwenda kwake kabla ya kufungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kupikia wageni. Bamvua hili nikuwekee wangapi?"

Nikamwambia kwamba fedha za kumlipa siku hiyo sina.

"Nimekuuliza fedha? Wapike, uuze, ukija bamvua lijalo utanilipa."

Mbele ya maneno hayo upande wa kushoto haukupata jina hata moja. Hoteli inaweza kununua pweza wengi kuliko mimi, na kwa bei inayonishinda. Lakini kupewa bidhaa kwanza na kulipa baadaye, kwa dhamana ya uso na nasaba, hakununuliwi sokoni. Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, unapohesabu mali zako uandike majina ya watu wanaokuamini, na mbele ya kila jina uandike anaweza kukukopesha nini na kwa muda gani. Na ukishaandika, ilinde amana hiyo kuliko fedha taslimu, kwani fedha ikipotea huchumwa tena.

Kisha tazama mikono yako, nayo uipime kwa chakula kimoja kimoja, maana kusema "najua kupika" si kipimo. Pweza hupigwa mpaka nyama yake ilegee, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe bila ya chumvi. Ndipo hutiwa tui jepesi, bizari na ndimu, na mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, humiminwa kasimele, tui zito la mkamuo wa kwanza, huku upawa ukizunguka polepole, kwani likichemka kwa nguvu hukatika na mchuzi ukaharibika. Nazi nazikuna kwa mbuzi na kuchuja kwa kifumbu, na mwenye ulimi huitambua tafauti yake na tui la kopo kwa tonge la kwanza. Kijana mwenye bidii angeweza kujifunza hayo kwa msimu mmoja, nami niliandika hivyo hivyo, kwa kuwa daftari la mtu halina mtu wa kumpendezesha.

Baada ya hapo nilikwenda kula kwa wenzangu. Nilikula Forodhani, nikanywa urojo mjini, nikakaa katika mikahawa ya Paje, na kila mahali niliangalia muda unaopita kati ya kuagiza na kuletewa sahani. Ufukweni mgeni husubiri bila ya kulalamika, kwa sababu amekuja kupumzika. Anayetoka Jozani ana safari mbele yake, na dereva wake hutazama saa. Hapo nilifahamu kwamba ubora wangu hauko katika kuchoma samaki kwa amri ya mteja, bali katika chakula cha chungu kilichokwisha kuiva: wali, pweza wa nazi, muhogo wa nazi, na juisi ya mabungo yaliyochumwa katika vichaka vya maweni vya shamba letu, mbegu zikafikichwa majini mpaka maji yakawa manjano. Sahani hufika mezani kabla mgeni hajamaliza kunawa.

Nimemtaja dereva kwa makusudi. Mgeni hajui pa kula; anayejua ni anayemwendesha na anayemwongoza, na wengi hudhani kwamba watu hao hutafuta kamisheni tu. Binamu zangu walio katika kazi hiyo waliniambia wazi kwamba kabla ya yote hutaka kivuli cha kuegesha gari, sahani yao wenyewe iliyopikwa kwa heshima ileile ya mgeni, na choo safi chenye maji. Kisima cha baba, ambacho nilikiandika bila ya kukifikiria sana, kikawa mali ya pili kwa thamani baada ya shangazi. Akiba yangu ya kikundi ilikwenda karibu yote katika kujenga choo, na sijutii hata shilingi moja.

Sharti pia uandike vitu ambavyo si vyako ingawa viko karibu. Msitu si wangu. Kuni haziruhusiwi kukatwa ndani ya hifadhi, na mpishi atakayejenga hesabu yake juu ya kuni za bure ataiona ikibomoka. Mimi hutumia makumbi na vifuu vya minazi yangu, na mtungi wa gesi kwa wali. Kima nao hawalishwi, na mabaki ya jikoni hufunikwa vizuri wasije wakayazoea. Kadhalika idhini: wakala wa chakula na dawa, ZFDA, hukagua jiko, na wapishi hupimwa afya zao. Gharama hizo ziandikwe tangu ukurasa wa kwanza.

Juu ya bei, fanya hesabu ya chungu kizima, usifanye ya sahani moja. Tuseme chungu cha sahani 20 kinagharimu shilingi 70,000, ukiwa umehesabu nazi zako kwa bei ya sokoni na kazi yako kwa ujira ambao ungemlipa mwingine. Kila sahani imekugharimu 3,500. Wakila watu 12 tu, na kilichobaki hakiuziki kesho, kila sahani iliyoliwa imekugharimu zaidi ya 5,800. Kwa hiyo nilianza na chungu kidogo, na chakula kikiisha humwambia mteja kwamba kimekwisha. Hilo humuudhi mmoja, lakini huiokoa faida ya siku nzima.

Liko jambo moja ambalo wageni wenyewe hawawezi kukufundisha, nalo ni kwamba wao hupungua. Masika yanapoingia mwezi wa Machi hata Mei, magari ya watalii huwa machache, na jiko lililowategemea wao peke yao hupoa. Wateja wangu wa miezi hiyo ni wafanyakazi wa hifadhi, walimu, na abiria wa daladala, nao wana bei yao: muhogo wa nazi na dagaa, maharage, chapati, chai ya tangawizi. Ramadhani ikifika, jiko la mchana hufungwa, na baada ya alasiri hupika futari, yaani muhogo, majimbi, ndizi mbichi, mashelisheli na tambi, kwa watu wanaorejea kutoka mjini ambao magharibi itawakuta njiani. Kwa vyakula hivyo sihitaji kukodi mtu wala kununua chombo kipya. Vingi hutoka shambani mwetu, na wanaovila ni watu wanaonifahamu tangu utotoni, ambao hulipa kidogo lakini hurudi kesho yake.