Hita Isiyo na Tanki: Kabla Mzee Hajatoa Hela

Mwezi wa sita ukikaribia, wenzetu wa Mbeya, Njombe na Iringa hupigiwa simu ya aina moja. "Mwanetu, wewe si ndiye unasoma mambo ya sayansi huko? Fundi anasema tuweke ile shawa inayopasha maji yenyewe, haina tanki wala nini. Anasema haili umeme. Tuweke, tusiweke?" Wenzangu wa Dar, ambao maji ya moto mnapewa bure na simtanki saa nane mchana, vumilieni kidogo, hesabu hii itawafaa siku mkipangiwa kazi Makete.

Fundi anaposema hita hii haili umeme, ana maana kwamba inawaka pale tu unapofungua maji. Hapo kasema kweli. Lakini maji hayajui yamepashwa na hita gani. Kila lita moja, ili ipande nyuzi 1, inataka kilojuli 4.19, iwe kwenye tanki, kwenye sufuria au kwenye shawa ya bei mbaya. Tofauti ni kwamba tanki linapewa saa nzima au zaidi kuifanya kazi hiyo, na shawa inapewa sekunde chache.

Tuchukue nyumba ya Uyole yenye watu watano. Tuseme maji ya bomba asubuhi ya Juni yana nyuzi 16, na mtu anataka kuoga ya nyuzi 40. Ni kupandisha nyuzi 24. Shawa inatoa lita 3 kwa dakika, yaani lita 0.05 kwa sekunde. Zidisha: 0.05 × 4.19 × 24, unapata kama kilowati 5. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 22 hivi. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa hiyo mtu akikwambia atachomeka hita hii kwenye soketi, au ataunga kwenye waya wa taa ya bafuni, mshukuru na umtafute fundi mwingine. Inahitaji waya wake kutoka meinswichi, wa milimita za mraba 4 au 6 kutegemea umbali, breka yake yenyewe, na ethi inayofanya kazi kweli. Hili la ethi lisichukuliwe kama urembo. Shawa nyingi za bei nafuu koili yake imezama moja kwa moja ndani ya maji yanayokumwagikia. Nyumba ambayo koki "inatekenya" ukiigusa, haifai kufungiwa kitu hiki mpaka ethi ipimwe na iwekwe breka ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja.

Sasa twende kwenye LUKU, na hapa ndipo familia nyingi zinaumia bila kujua zimeumizwa na nini.

Mtu mmoja akioga dakika 8 anatumia lita 24. Hizo ni kilojuli 2,413, sawa na uniti 0.67. Watu watano, uniti 3.35 kwa siku. Kwa mwezi, uniti 100. Kwa viwango vilivyoanza 2016, mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, anatakiwa kutumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti anauziwa Sh100 kabla ya kodi na tozo. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh350. Akiendelea kuvuka anahamishiwa T1, ambako uniti zote ni Sh292. Tuseme nyumba yetu ilikuwa inatumia uniti 60 kwa taa, TV, friji na pasi: Sh6,000. Ongeza uniti 100 za kuogea, zimekuwa 160. Ndani ya T1 hiyo ni Sh46,720, karibu mara nane. Ona kwamba pesa haijaenda kwenye maji peke yake. Hata taa ya sebuleni sasa inawaka kwa bei ya karibu mara tatu. Kama bei zitakuwa zimebadilika unaposoma, weka namba za kwenye risiti yako, njia ni hiihii.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumrudishia mzee siyo "hita gani", ni "sasa hivi tunaogaje?" Nyumba inayochemsha maji kwa mkaa na iko D1, kuhamia shawa ya umeme ni kuhama kundi. Inaweza bado kuwa na maana, maana mkaa nao unanunuliwa, na kuna mtu (kwa kawaida bi mkubwa au mdogo wetu wa kike) anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko. Ila toa gharama ya mkaa wa maji ya kuoga kwenye ile tofauti ya Sh40,000 na kidogo uliyopata, ndipo useme.

Nyumba ambayo tayari ina hita ya tanki hadithi yake ni nyingine. Hiyo huenda ilishavuka 75 zamani. Maji ya kuoga yatakula uniti zilezile 3.35 kwa siku. Utakachookoa ni joto linalovuja kwenye tanki likikaa linasubiri. Uvujaji huo upime mwenyewe: siku ambayo hakuna wa kuoga, acha tanki limewashwa, zima vingine vyote, andika namba ya mita jioni na asubuhi. Hiyo ndiyo akiba yote ambayo fundi anakuuzia. Na sehemu kubwa yake unaweza kuipata bila kununua kitu. Lita 50 kutoka nyuzi 16 hadi 60, kwa elementi ya wati 1,500, zinachukua saa moja na dakika 42. Washa kabla ya kuoga, zima ukimaliza. Maji hayo ukiyachanganya na ya baridi yanatoa kama lita 90 za kuoga: watu wanne wasio na mbwembwe. Wa tano asubiri.

Kuna jambo la mitaa iliyo mbali na transfoma. Nguvu ya koili inafuata mraba wa volti. Jioni umeme ukishuka kutoka 230 hadi 200, kilowati 5 zinabaki 3.8, na maji yaliyotakiwa kutoka na nyuzi 40 yanatoka na 34. Utapunguza koki ili yapate moto, na presha ikipungua sana shawa inajizima yenyewe ukiwa na povu kichwani. Simtanki lililoinuliwa mita 2 tu juu ya shawa linatoa kilopaskali 20. Soma kwenye boksi inataka ngapi kabla ya kulipa. Umeme ukikatika, tanki lina maji ya moto bado. Shawa haina kitu.

Wapo watakaosema basi gesi. Hesabu yake siyo mbaya: kilo moja ya gesi kwenye hita nzuri inatoa karibu uniti 10 za joto, kwa hiyo nyumba yetu itakula kama kilo 10 kwa mwezi, na mtungi wa kilo 15 utafika mwezi na nusu. Lakini hita ya gesi inafungwa nje ya ukuta, siyo ndani ya bafu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na bafu la Mbeya mwezi wa saba dirisha lake limezibwa na gunia kuzuia baridi.

Kwa hiyo mzee akipiga tena, mwombe vitu vitatu: risiti za LUKU za miezi mitatu, picha ya meinswichi ikiwa wazi, na fundi apime ethi mbele yake.