Dhanio Kabla ya Jaribio

Mmekwisha kujifunza kwamba malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya anofelesi, na kwamba mbu huyo huuma zaidi usiku. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: "Watoto wakilala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuulia wadudu, vifo vitapungua." Maneno hayo yanaelekea kuwa ya kweli. Hata hivyo, katika sayansi jambo halikubaliwi kwa kuwa tu linaelekea kuwa la kweli. Vyandarua hununuliwa kwa fedha, na fedha zikipotea bure watoto watakosa kinga nyingine.

Maelezo yanayotolewa kabla ya jaribio, ambayo jaribio laweza kuonyesha kuwa si kweli, huitwa dhanio.

Jaribio: Chukua sarafu. Irushe mara 10, uandike ni mara ngapi upande wa kichwa umetokea juu. Wenzako nao wafanye hivyo.

Baadhi yenu mtapata 5, wengine 3 au 7. Hakuna aliyefanya hila. Tofauti hiyo imeletwa na bahati tu. Sasa jumlisheni hesabu za darasa zima. Mtaona kwamba upande wa kichwa umetokea karibu nusu ya mara zote. Hesabu ikiwa kubwa, bahati hutudanganya kwa nadra.

Bahati huingia katika majaribio ya afya pia. Ikiwa kijiji chenye vyandarua kilipata vifo 3, na kijiji kisicho navyo vifo 5, hatuwezi kusema kwamba vyandarua ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo. Kwa sababu hii wataalamu huandika madhanio mawili. La kwanza ni dhanio la kutokuwepo tofauti: "Idadi ya vifo kwa kila watoto 1,000 ni sawa, wawe na vyandarua au wasiwe navyo." La pili ni dhanio mbadala: "Idadi hizo si sawa."

Pengine utashangaa kwamba mtu anayetumaini vyandarua vitafaa huanza kwa kuandika kuwa havileti tofauti. Mfikirie hakimu. Humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ushahidi utoshe. Ushahidi usipotosha, humwachilia, lakini hilo halithibitishi kwamba hakutenda kosa. Vivyo hivyo, tukishindwa kulikataa dhanio la kwanza, hatusemi kuwa vyandarua havifai. Twasema ushahidi hautoshi.

Dhanio lazima litaje wanaolinganishwa, kitakachohesabiwa na muda wa kuhesabu. "Vyandarua ni vizuri" si dhanio la kisayansi, maana uzuri hauhesabiki. Tena liandikwe mapema. Mtoto anayerusha jiwe mwembeni, kisha embe likianguka akasema, "Nililenga hilo hilo," hajatuonyesha shabaha yake.

Katika Kilifi, pwani ya Kenya, jaribio la namna hii lilifanyika kati ya miaka 1993 na 1995. Maeneo 56, kila moja lenye watu wapatao 1,000, yaligawanywa kwa kura. Maeneo 28 yalipewa vyandarua vilivyotiwa dawa, na 28 hayakupewa. Kura ilikuwa ya lazima. Lau kila mzazi angejichagulia, huenda vyandarua vingechukuliwa na wenye uwezo, ambao watoto wao hula vizuri na hufikishwa hospitali mapema.

Vifo vya watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 59 vilihesabiwa. Katika maeneo yenye vyandarua vilikuwa pungufu kwa asilimia 33. Yaani, pale ambapo vingetokea vifo 100, vilitokea 67 hivi. Hesabu ilionyesha kwamba ni nadra bahati peke yake kuleta tofauti kubwa kiasi hicho. Dhanio la kutokuwepo tofauti likakataliwa.

Zoezi

1. Kwa nini matokeo ya darasa zima yanaaminika zaidi kuliko ya mwanafunzi mmoja?

2. "Dawa ya minyoo ni nzuri kwa wanafunzi." Andika upya maneno haya yawe dhanio la kutokuwepo tofauti.

3. Mtaalamu alipanga kuhesabu vifo. Alipoona havikutofautiana, alihesabu homa, kisha kikohozi, kisha kuhara, mpaka akapata tofauti. Je, tuyaamini matokeo yake? Eleza kwa kutumia mfano wa sarafu.