Zulia na Kidonge cha Moto

Kijiti cha kiberiti kinachowaka kikianguka juu ya zulia, nini hutokea? Zulia jingine huungua pale pale tu, na moto hufa. Zulia jingine hushika moto, na moto hutambaa mpaka kwenye kitanda na pazia. Kwa macho, mazulia hayo mawili hufanana. Tutajuaje lipi lina hatari?

Wataalamu hulipima zulia kwa moto. Nchini Marekani sheria ya kipimo hiki ilitolewa mwaka 1970, ikaanza kutumika mwaka 1971. Kipimo hufanywa hivi:

1. Hukatwa vipande 8 vya zulia. Kila kipande ni mraba wa sentimita 23 hivi kila upande.
2. Vipande hukaushwa katika tanuri kwa saa 2, kwa sababu unyevu huzuia moto.
3. Bamba la chuma lenye tundu la duara huwekwa juu ya kipande. Upana wa tundu ni sentimita 20 hivi.
4. Kidonge cha methenamini huwekwa katikati ya tundu na kuwashwa. Mwali wake ni mdogo, kama wa kiberiti.
5. Moto ukizimika, mpimaji hushika rula. Kati ya doa lililoungua na ukingo wa tundu lazima zibaki zaidi ya sentimita 2 na nusu.

Vipande 7 au vyote 8 vikifaulu, zulia limefaulu.

Lakini kufaulu si kusema kwamba zulia haliungui. Maana yake ni kwamba moto mdogo hausambai. Moto mkubwa ni jambo jingine. Januari 1970, nyumba ya kutunzia wazee iliungua katika mji wa Marietta, Ohio, Marekani. Zulia la njia ya ndani lilisaidia kueneza moto na moshi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Baada ya miaka michache kukawa na kipimo cha pili. Zulia hulazwa chini ya bamba lenye joto kali, kisha hupimwa moto umetambaa umbali gani.

Na nyumbani kwetu? Mkeka wa ukindu haukupimwa na mtu. Ukindu mkavu hushika moto upesi. Blanketi la sufu hushika moto kwa shida. Nailoni huyeyuka, na tone lake hunata kwenye ngozi. Basi kibatari kisiwekwe juu ya mkeka, wala karibu na mtoto aliyelala. Usijaribu kipimo hiki nyumbani. Kazi hiyo ina mahali pake na vyombo vyake.

Maswali

1. Kwa nini vipande vya zulia hukaushwa kwanza?
2. Vipande 6 kati ya 8 vimefaulu. Je, zulia limefaulu?
3. Kipimo cha pili kina tofauti gani na cha kwanza?
4. Leo usiku angalia kibatari chako kimewekwa wapi. Darasani, eleza ulichokibadilisha.